Mguu Ulioungwa Mara Mbili

Mwanangu, ipo siku moja ya mvua za kwanza ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu. Siku ya arusi nilivaa viatu na watu wakanipongeza. Siku hiyo nyingine nilikuwa pekupeku, nimelala chali katika shamba la watu, na kila aliyenitazama alikuwa na haki ya kunicheka. Nitakufikisha huko. Weka simu yako kando kwanza, na usinitazame kama mtu aliyekaa foleni. Hadithi ya mzee ni kama maharagwe makavu, ukiyaepua mapema yatalisumbua tumbo lako mwenyewe.

Nilikuwa kijana wa Ludara, upande wa Koboko, karibu na mpaka wa Kongo, jina langu Wani, na nilikuwa na baiskeli. Leo ukisema una baiskeli watu wanakuonea huruma. Miaka ile ya sabini, wakati sukari na sabuni vilikuwa vitu vya kuulizia kwa sauti ya chini, mwenye baiskeli alikuwa mtu mbele ya watu. Nilibeba simsim, yaani ufuta, na maharagwe kutoka kwetu hadi soko la Arua, nikarudi na chumvi, na mafuta ya taa nikibahatika. Spea hazikupatikana. Tairi tulizishona kwa uzi, na breki, mwanangu, breki yangu ilikuwa kisigino changu.

Huko sokoni Arua ndiko nilikompata Ayikoru. Alikuwa akiuza unga wa muhogo pamoja na mama yake, wenyeji wa Dadamu. Yeye Mlugbara, mimi Mkakwa. Lugha yao niliijua nusu, na yangu yeye aliicheka tu, kwa hiyo tulipendana kwa Kiswahili, hiki Kiswahili chetu cha sokoni na kambini ambacho watu wa pwani wakikisikia wanashika kichwa. Sisi kilitutosha. Wazee wa pande mbili wakakaa, wakasemezana, mbuzi wa mwanzo wakapelekwa, likabaki jambo moja lililonihusu mimi mwenyewe: kulima.

Maana ilikuwa hivi. Kijana aliyechumbia sharti aende na wenzake, mvua zinapoanza, wakamlimie mama mkwe shamba. Na wala si kulima tu. Wanawake wa nyumba ile hukaa pembeni wakichambua mboga, macho yao kwako. Wanatazama unavyoshika jembe, kama unapumzika kabla ya wenzako, kama unagombana na mtu, kama unajua kunywa maji bila kumwaga. Mama mkwe hutamtazama usoni, naye hakutazami, lakini usiku wake hamalizi bila kujua umelima matuta mangapi na yamenyooka vipi. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya wazee nikasema kwa kifua kipana kwamba mvua ya kwanza ikinyesha wataniona.

Basi, mvua ikiwa bado haijafika, nikaanguka. Nilikuwa nateremka mlima na gunia la simsim nyuma, nikakanyaga tairi kwa kisigino kama kawaida, ndala ikakatika, mguu ukaingia kwenye gurudumu. Nilipoamka chini ya gunia niliona mguu wangu wa kulia umekunjika mahali pasipo na goti. Nililia, sitakuficha. Watu wa njiani wakanibeba juu ya kitanda cha kamba. Hospitali ilikuwako, lakini mbali, na gari pekee la jirani halikuwa na petroli, kwa hiyo wakanipeleka kwa Mama Poni. Wewe ukivunjika leo, nenda kwanza ukapigwe picha, usije ukasema mzee Wani alikukataza.

Mama Poni alikuwa mjane, muunga mifupa wa Ludara nzima, mwanamke mfupi mwenye kiko mdomoni na sauti ya chini. Sikuwahi kumwona akikimbia, hata kuku wakiingia kwenye mtama wake alioanika. Aliupapasa mguu wangu polepole mpaka nikatamani aufanye anachotaka kufanya na yaishe. Alipouvuta nilimtukana, naye akasema "asante" kana kwamba nimemsalimia. Akaufunga kwa vipande vya gome na kamba za mgomba, kuanzia chini ya goti mpaka kwenye kifundo. Halafu akasema nitalala kwake mpaka nipone, akamwagiza mama yangu alete kuku.

Kuku alikuja, tetea wa madoadoa. Mama Poni akamshika mguu wa kulia, akauvunja kama mtu anayevunja kijiti cha kuwashia moto, akaufunga kwa magome madogo yaleyale na kamba zilezile, akamweka katika kikapu karibu na mkeka wangu. Ndiyo desturi yake aliyoikuta kwa mama yake. Mgonjwa na kuku huvunjika pamoja na kupona pamoja.

"Huyu ndiyo mwenzako," akaniambia. "Siku kuku itachakura chini na hii mguu, na wewe utasimama na fimbo. Mbele ya hapo, hapana. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Mnayo ile methali yenu ya shuleni, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwalimu akiwaeleza mnaiandika na kuisahau. Mimi mwenzenu nilivunjika kwanza, ndipo mkuu akasema, na bado sikusikia.

Sijui mwanangu kama umewahi kumchukia kuku. Mimi nilimchukia yule. Nilikuwa namtupia punje za simsim mbali na kikapu ili anyanyuke. Ananitazama kwa jicho moja, anatazama simsim kwa jingine, anafumba yote mawili. Nikimsukuma kwa kidole ananidonoa. Kutwa nzima kazi yetu ilikuwa hiyo, kuku na mimi, na yeye alikuwa mgonjwa mwema kuliko mimi kwa sababu hakuwa na mchumba wa kumwazia. Mama Poni alipopita na kunikuta natazama mguu wa kuku aliniletea karanga nimenye. "Mkono yako iko mzima," alisema. "Mbona na yenyewe inalala?" Nikazimenya kwa hasira, nusu nikazivunja, naye akazipokea na kuzipika hivyohivyo.

Siku hizi nikifikiri naona yule kuku hakuwekwa pale kwa ajili ya mfupa. Mfupa wa kuku na wa mtu si ndugu. Aliwekwa pale ili niwe na kitu cha kutazama zaidi ya nafsi yangu, nijifunze kwamba kuna mambo hayafanyiki kwa kusukumwa na kidole. Lakini ukiwa kijana na mguu unawasha chini ya magome, nani anakaa kuwaza hivyo?

Kisha mvua ikanyesha. Ilikuja mchana, nzito, na baadaye harufu ya udongo ikaingia mpaka nilipolala. Kesho yake nikasikia majembe pande zote za kijiji. Kila pigo la jembe lilinipiga mimi. Niliona wazi Ayikoru amekaa Dadamu anatazama njia ya Koboko, mama yake anatikisa kichwa, na wazee wanaulizana huyu kijana wa kifua kipana yuko wapi. Hakuna aliyeniambia hayo. Niliyatunga mwenyewe, nikayaamini mwenyewe.

Ndipo akaja Yenge. Huyu alikuwa rafiki yangu wa utotoni, ndiye niliyemwachia baiskeli afanye biashara nikiwa nimelala. Alikuwa na moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Akachuchumaa karibu nami, akapunguza sauti.

"Wani, wewe lala tu. Mimi nimepita Dadamu, nimeona na macho yangu. Askari moja anakaa kwa kiti pale kwao Ayikoru. Miwani nyeusi, redio iko kwa mkono. Mama anamupa chai na sukari."

"Sukari?"

"Sukari! Mimi nimesikia kijiko ikigonga kikombe."

Mwanangu, wakati ule askari alikuwa askari. Alikuwa na mshahara, buti, redio, na watu wa kumwogopa. Mimi nilikuwa na baiskeli iliyoshonwa na kuku mgonjwa. Sikumuuliza Yenge jina la yule mtu wala amekuja kwa nini. Sikumtuma arudi akaulize. Nilimwambia neno moja tu, anitafutie tetea wa madoadoa.

Siku ya soko Mama Poni akaenda kuuza mtama, na Yenge akaja na tetea kikapuni. Alifanana na mwenzangu kabisa, ila huyu alikuwa na miguu yote miwili yenye afya na hasira. Tukamfunga magome mguuni, tena kwa kulegeza, tukamfungia ndani ya uzio. Yule kuku mgonjwa, Yenge akaondoka naye kwao akamfiche. Mama yake Yenge hakuambiwa neno. Alipoona kuku mwenye mguu mbovu kikapuni aliona mchuzi, na jioni ileile akampika. Kwa hiyo hata leo sijui mfupa wa yule kuku ulikuwa umefika wapi.

Mama Poni aliporudi, tetea alikuwa anachakura kwa miguu yote miwili, anarusha udongo kila upande. "Mama, tazama!" nikamwambia. "Kuku amepona!" Akatua mzigo wake. Akawasha kiko chake bila haraka. Akamtazama kuku muda mrefu, kisha akanitazama mimi, na mimi nikajifanya natazama paa.

"Kuku hii kweli imepona," akasema. "Yenyewe hata haikuvunjika."

Nikaanza kukuna magome ya mguu wangu.

"Wani, mtoto yangu. Kuku unaweza danganya. Mimi pia unaweza danganya, mimi iko muzee. Lakini mufupa hapana sikia uongo. Yenyewe inajua tu siku yake." Nikamwambia kwa ukali kwamba yeye hana habari, kuna askari Dadamu, mashamba yanalimwa, mchumba wangu anaondoka. Nilitegemea ataniambia pole. Aliuliza swali moja. "Nani amekuambia uende leo? Ayikoru? Mama yake? Baba yake?" Nikasema mvua. "Mvua inanyesha kwa watu yote," akasema. "Haikukuita wewe jina. Mimi sifungui hii kamba. Ukitaka, fungua wewe na mkono yako." Akaingia kupika.

Nikazifungua.

Kesho yake alfajiri Yenge alinipakia kwenye baiskeli, jembe begani, na vijana wenzetu nao wakifuata kwa baiskeli zao za kuazima. Niliwaambia wote kwamba Mama Poni ameniruhusu. Mguu uliniuma kila shimo la barabara, na barabara yetu ile ilikuwa mashimo yenye barabara kidogo. Nikajikaza. Nilijiambia mwenye pupa hadiriki kula tamu ni methali ya wenye miguu mizima, na mimi sina wakati nayo. Ukiona mtu ameanza kugombana na methali, mwanangu, jua ameshapotea njia.

Tulifika Dadamu jua limepanda, tukakuta kazi imekwisha kuanza. Vijana wa pale kwao walikuwa shambani wamepanga mstari, wanalima na kuimba. Wanawake pembeni. Na mwishoni mwa mstari, shati amelivua, miwani nyeusi ameitundika kwenye kichaka, redio inaimba juu ya kisiki, alikuwa askari wa Yenge. Analima katika shamba la mama mkwe wangu. Damu ilinipanda kichwani nikashuka kwenye baiskeli bila kushikwa.

Yule bwana aliponiona akasimama na kutabasamu. "Ah! Wewe ndiyo Wani? Karibu, shemeji. Lakini mguu yako si bado? Mimi hapa niko nali..."

"Toa jembe yako hapo," nikamkatiza. "Hii mstari ni yangu."

"Ndiyo, ni yako, sikiliza kwanza, mimi..."

Sikusikiliza. Nikaingia kwenye mstari na kuanza kulima. Nililima kama mtu anayeua nyoka. Nilisikia wanawake wamenyamaza, nikadhani wananistaajabia. Nikamwona Ayikoru ameinuka, mkono mdomoni, nikazidisha. Mguu wa kulia nilikuwa nimeuweka nyuma, lakini udongo ulikuwa umelowa, nikateleza, nikautupa mbele ili nisianguke, na uzito wote ukaenda juu yake. Ulilia kabla yangu. Shamba zima lilisikia.

Hiyo ndiyo siku niliyokuambia, nimelala chali, mvua ya rasharasha inaniingia machoni. Aliyenifikia wa kwanza alikuwa askari. Alinibeba mgongoni mpaka barazani kama mtoto, akanilaza, akakata vijiti, akanifunga mguu kwa shati lake. Mama mkwe alisimama nyuma ya ukuta, kwa heshima, asinione, na akasema na binti yake kwa sauti ya kunitosha.

"Ayikoru, uliza huyu kijana. Nani amemufukuza?"

Ayikoru hakuuliza. Alikuwa analia na kukasirika kwa pamoja, jambo ambalo ni wanawake tu wanaliweza vizuri. Akanyoosha kidole kwa askari.

"Huyu ni Drani. Mtoto ya mjomba. Ndugu yangu! Tulisikia mguu yako imevunjika, mama akaita watu wake kulima. Akasema mstari ya Wani isikae bila mutu, ni aibu kwake. Drani ameomba ruhusa huko kambini, amekuja kulima mstari yako. Kwa jina yako! Wewe unakuja kumunyang'anya jembe?"

Mwanangu, kwa Walugbara mtoto wa mjomba ni ndugu, hawaoani hata kwa ndoto. Ningeuliza jina tu, ningejua. Ningemtuma Yenge arudi na swali moja, angerudi na habari kwamba shamba linalimwa kwa heshima yangu, sukari imetoka kambini, na mchumba wangu hana wasiwasi. Mtu niliyekimbia kumshinda alikuwa anatoka jasho kwa ajili yangu. Niligeuza uso kwenye ukuta. Maumivu ya mguu yalikuwa makubwa, lakini aibu niliisikia zaidi.

Drani alinipatia nafasi juu ya lori lililokuwa linakwenda Koboko, akanishika mguu kwa mikono yake njia nzima ili usirukeruke. Hakunilaumu. Alichosema ni kwamba jeshini pia wapo wa namna yangu, na huwa wanapewa kazi ya jikoni.

Niliogopa kurudi mbele ya Mama Poni. Nilitegemea aseme "nilikwambia," maana ndilo neno tamu kuliko yote kwa mzee, hata mimi hulipenda. Hakulisema. Aliupapasa mguu polepole kama mara ya kwanza, akavuta, safari hii sikumtukana kwa sababu sikuwa na pumzi. Alipomaliza kuufunga alikaa chini karibu nami na kuniambia mambo mawili. La kwanza, mfupa umeungana vibaya na sasa umevunjika pabaya, utapona lakini utakuwa mfupi kidogo, na nisije kumdai. La pili, nimwambie mama yangu alete kuku mwingine.

Huyu wa pili alikuwa mweusi. Sikumtupia simsim wala sikumsukuma. Nilimenya karanga za Mama Poni mpaka akakosa za kunipa, nikasokota kamba, nikachambua mtama wake punje kwa punje. Kitu cha ajabu ni kwamba siku zilianza kuwa fupi. Kuku akainuka asubuhi moja akachakura, na mimi sikuwa namtazama, nilikuwa nashughulika na kamba. Ni Mama Poni aliyeniita.

Kabla ya hapo Ayikoru alikuja kunitazama, na bibi yake, na kikapu cha unga wa muhogo. Bibi akakaa na Mama Poni wakavuta viko vyao na kusemezana kwa lugha mbili, kila mmoja akijua yake tu, na walicheka vizuri. Ayikoru akakaa karibu na mkeka. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi. Nikamuuliza badala yake kitu nilichokiogopa, kama ataweza kunisubiri, na kama atanitaka na mguu mfupi.

"Mimi nilikuwa nangoja toka zamani," akasema. "Hapana mutu aliniambia nichoke. Wewe ndiyo hukungoja mimi ningoje."

Mwanangu, nikamwekea mkononi karanga nilizokuwa nimemenya. Tulioana mvua zilizofuata. Nililima shamba la mama mkwe kwa taratibu, nikiwa wa mwisho katika mstari, na Drani alikuja akalima kando yangu huku akinitania. Watu wa Ludara wakanipa jina kwa mwendo wangu huu wa kuinama upande mmoja, nami nikaliitikia.

Ngoja nikuambie jingine, halafu nikuache uende. Vita vya kuipindua serikali ya wakati ule vilipofika upande wetu, mwishoni mwa miaka ile, watu wa Koboko walitoka na walichoweza kubeba kuelekea mpaka wa Kongo. Wengi walikimbia, na siwalaumu, mlio wa bunduki una sababu zake. Mimi sikuweza kukimbia. Nikamwambia Ayikoru atangulie na mtoto wetu, akakataa, akapunguza hatua mpaka zikalingana na zangu. Tulipokuwa njiani mama mmoja mjamzito akatuona, akasema, "Mimi niende na Wani, yeye hapana kimbia." Akaja mzee na fimbo. Akaja mwanamke na watoto watatu wadogo waliokuwa wamechoka kukokotwa. Kikundi kikakua, kikaenda kwa mwendo wa mguu wangu, tukipumzika unapouma, tukinywa maji, tukihesabiana kabla ya kuinuka. Wako waliotutangulia waliokuwa wamepotezana na watoto wao na wakawatafuta kwa muda mrefu ng'ambo. Sisi tulivuka, nikageuka kutazama nyuma, nikaona kila uso niliouona asubuhi. Nilisimama pale mpakani nikalia tena kwa sababu ya mguu ule, lakini safari hii kwa shukrani.

Sasa nasaha yangu ni hii, na ni fupi kuliko safari yake. Sikukatazi kwenda mbio. Nyumba ikiungua kimbia, mtoto akizidiwa kimbia. Lakini haraka nyingi unazoziona kwa watu hazina mwenyewe. Kijana anakula amesimama, anaendesha boda kama anafukuzwa, anaoa kabla hajamjua mtu, anaacha kazi kabla haijamfundisha, na ukimuuliza nani anakukimbiza anageuka nyuma na kukuta barabara tupu. Kwa hiyo kabla hujakimbia, uliza. Tuma mtu aulize. Nenda ukaulize mwenyewe, kwa upole, ukae, usalimie vizuri, ungoje chai. Mara nyingi utakuta yule unayeogopa amekuchoka anakungojea bado, na yule unayedhani anakupora yuko shambani anashika mstari wako. Na jambo lililo katika kupona, liache lipone. Mguu, ndoa, urafiki uliovunjika, jina lako lililochafuka, vyote hivi vina siku yake na havisukumwi. Wewe katika kungoja huko tafuta karanga za kumenya. Subira si kulala, mwanangu, mikono yako iko mizima.

Mungu akupe miguu mizima na akili ya kuitumia polepole. Akupe mtu atakayepunguza hatua kwa ajili yako, na akupe moyo wa kupunguza zako kwa ajili ya mwingine. Ukivuka mipaka yako ya maisha, na ipo mingi mbele yako, akujalie ugeuke nyuma uwakute wote uliotoka nao. Amina. Haya, nenda sasa. Taratibu.